UZI: Kanda ya chura na nembo inayopumua. Nani anaweza kuikadiria umri?

DekiNaKanda (Kisumu)

Habari zenu wote. Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Likizo hii niliambiwa nitoe kila kitu stoo kabla mchwa hawajamaliza rafu. Nyuma ya chupa za fomalini nikakuta katoni ya kanda za VHS, 34 kwa jumla: baiolojia, jiografia na fizikia kidogo. Unyevu wa ziwa umezitembelea. Ukichungulia kwenye kidirisha cha kaseti unaona kitu cheupe kama unga wa muhogo kwenye ukingo wa utepe. Za namna hiyo ni 15, nimeziweka kando, maana ukungu ukishaingia kwenye hedi za deki, deki nayo unaizika. Hizo 19 nyingine zinacheza. Deki niliipata Kibuye, nikaiunganisha na laptopu, na sasa nazihamisha moja moja usiku watoto wakishalala.

Masomo nayakumbuka, kwa sababu nilisoma hapa hapa. Nilichokuwa nimesahau kabisa ni nembo za mwanzoni, zile za kampuni kabla mtu hajasema "leo tutajifunza". Ukizitazama 19 kwa mfululizo unaona kama ukoo. Kuna zilizochorwa kwa mkono, zinatetemeka kidogo. Kuna za herufi zinazovutika kama big-ji. Kuna za dhahabu zinazoruka kutoka kwenye nyota na kung'aa kama rimu ya gari jipya. Nimeanza kuzipanga kwa miaka bila kusoma lebo (lebo nyingi zimeliwa na mende).

Moja imenishinda: kanda nambari 11, upasuaji wa chura. Skrini nyeusi, duara la mistari ya buluu linazunguka, herufi tatu au nne zinatoka katikati zikiwa zimenyooka kama tambi, zinajikunja, kisha zinatulia. Chini kuna jina la kampuni lakini halisomeki, ni kopi ya kopi. Halafu nembo nzima inapumua. Inang'aa, inafifia, inang'aa tena, polepole. Nani aliwahi kuiona?

---

Section58 (Nakuru)

Haha, umenirudisha mbali. Sisi TV ilikuwa ndani ya kabati la chuma, kufuli mbili, ufunguo kwa naibu wa mwalimu mkuu. Akiwa hayupo hakuna somo. Nembo ilikuwa sehemu tamu kuliko zote, kwa sababu ikitokea tu unajua hakuna kuandika kwa dakika ishirini.

---

Nyar_Nyalenda

Omera, hiyo shule naijua na hiyo kanda naijua! Form Two. Nembo siikumbuki vizuri, ila chura siwezi kumsahau, tulibishana na mwalimu somo zima. Nitarudi.

---

MstaafuWaStudio (Nakuru)

Kijana wangu, umefanya jambo jema. Nilifundishwa ufundi wa picha pale KIMC Nairobi, chuo cha utangazaji, nikafanya kazi ya studio tangu enzi za VoK, redio na TV ya taifa, hadi ilipogeuka kuwa KBC mwaka 1989, na baadaye. Nitakwambia jinsi sisi mafundi tunavyosoma nembo. Usiangalie kilichochorwa. Angalia kinavyosogea, maana kila mashine ina mwandiko wake.

Zile zinazotetemeka ni za filamu ya milimita 16. Herufi zimepakwa rangi kwenye karatasi angavu za plastiki, kamera imefungwa juu ya meza, na mtu anapiga fremu moja, anasogeza kidogo, anapiga nyingine. Fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo nembo ya sekunde 8 ni mara 192 za kusogeza. Mwanga wa kung'aa ulikuwa taa chini ya meza, na filamu ileile inapitishwa kwenye kamera mara ya pili na ya tatu. Kutetemeka ni mkono wa binadamu na matundu ya filamu.

Waingereza wakati mwingine hawakuchora kabisa. Ule mpira wa dunia wa BBC1 uliozunguka mbele ya kioo tangu 1969 ulikuwa mfano halisi wenye mota, unatazamwa na kamera isiyo ya rangi, rangi inaongezwa kwa umeme. Walikuja kuubadilisha kwa wa kompyuta mwaka 1985.

Sasa hizo za kuvutika kama big-ji. Hizo karibu nina hakika ni Scanimate. Ni mashine ya Lee Harrison na kampuni yake ya Computer Image kule Denver, Marekani. Iliitwa kompyuta, lakini haikuwa na faili wala kibodi kama mnavyojua. Unaweka mchoro mweusi na mweupe mbele ya kamera, picha inatokea kwenye skrini ndogo ya kioo, na fundi anaivuta hiyo picha kwa volteji. Geuza kitufe hiki, herufi inarefuka. Chomeka waya pale, inajikunja kama moshi. Yote papo hapo, unaona huku unafanya. Kazi ya wiki mbili kwenye meza ya filamu ilikwisha kabla ya chai ya saa nne. Ubaya wake, ukizima mashine umeipoteza. Kesho huwezi kuirudia sawasawa, labda uwe umeandika nafasi ya kila kitufe. Miaka ya sabini yote na mwanzo wa themanini Marekani ilikuwa imejaa nembo za namna hiyo.

Za dhahabu na rimu ni kompyuta zenyewe, za tarakimu. Mfano mzuri ni ile 4 ya vipande vya rangi ya Channel 4 ya Uingereza, Novemba 1982, kazi ya Martin Lambie-Nairn. Hata wao ilibidi kompyuta yenyewe waifuate Marekani. Mwaka 1987 vipindi vya shule vya ITV vilihamia huko Channel 4, kwa hiyo katika katoni yako usishangae kukuta ile 4.

Mwisho kabisa ni Amiga, kompyuta ya nyumbani. Ilitoka 1985, na ilikuwa bei ambayo mtu wa kawaida aliyejikaza angeifikia. Ukiipa kifaa cha kuilinganisha na mawimbi ya video, unapandisha herufi zako juu ya picha. Hapa Nakuru miaka ya tisini mwenye Amiga alikuwa mfalme wa harusi. Ile Video Toaster mnayoisoma mtandaoni, kifaa cha Amiga cha kuhariri video, ya 1990, haikutufaa, ilitengenezwa kwa NTSC peke yake, mfumo wa TV wa Marekani, na sisi ni watu wa PAL, mfumo wetu na wa Uingereza.

Kwa hiyo nambari 11, yenye herufi za kuvutika na kujikunja, ninaiweka kati ya 1972 na 1984.

---

Section58

Mzee wetu, kabla ya chai ya saa nne 😂 Asante sana.

---

BeiYaKuhamisha

Samahani kuingilia. Kuna mtu anahamisha kanda ya harusi kwenda flashi? Niko Kakamega. Ni ya wazazi wangu, 1991.

---

Mulembe_Khwisero

@BeiYaKuhamisha njoo inboksi, nafanya. Lakini usiicheze kwanza! Nitumie picha ya kidirisha nione kama ina ukungu.

Mulembe Mzee Mstaafu. Naongezea la kwetu. Mimi nilisoma shule ya misheni upande wa Vihiga, na kanda zetu nyingi zililetwa na wageni kutoka Marekani ndani ya masanduku yao ya nguo. NTSC. Deki yetu ilikuwa PAL. Mnajua kilichotokea: picha inakimbia kwenda juu kama mkanda wa mashine ya posho, na rangi hakuna. Mistari yao ni 525, yetu 625, fremu zao karibu 30, zetu 25. Deki ikijaribu kuelewa inachanganyikiwa.

Kwa hiyo ile nembo ya PBS, televisheni ya umma ya Marekani, herufi P yenye uso wa mtu, nimeijua miaka sita ikiwa nyeusi na nyeupe na ikipanda juu bila kusimama. Nilidhani ndivyo ilivyotengenezwa! Nilikuja kuiona na rangi zake nikiwa Eldoret, kwenye deki ya kusoma mifumo yote, nikaona kama nimetapeliwa utotoni.

DekiNaKanda, kaseti yenyewe imeandikwa nini mgongoni, T-120 au E-180? T ni hesabu ya Wamarekani, E ni ya PAL. Na hiyo ni umri wa kopi, si umri wa kipindi.

---

DekiNaKanda

E-180. Na picha imetulia vizuri kwenye deki yangu, rangi zipo ingawa nyekundu inamwagika upande wa kulia kama chai kwenye kitambaa.

---

Mulembe_Khwisero

Kumwagika kwa nyekundu ni VHS yenyewe. Rangi inarekodiwa kwa nafasi ndogo sana kuliko mwanga, na kila kopi inaongeza. Ndiyo maana nembo za kanda zina herufi nene na mara nyingi nyeupe. Ukiweka herufi nyembamba nyekundu kwenye VHS umeandika kwa uji.

---

Mwl_Achieng_Bio

Nasoma kimyakimya tangu asubuhi, sasa nina pingamizi. Mzee wangu, kwa heshima zote, umri wa nembo si umri wa somo. Mimi nafundisha baiolojia na nimeona hii mara nyingi: kampuni inachukua filamu yake ya zamani, inakata nembo ya kale, inabandika mpya mbele, inauza kama bidhaa mpya. Unaona dhahabu inaruka kwenye nyota, halafu anatokea mwalimu wa suruali pana na simu ya kuzungusha.

Na kinyume chake pia. Nembo nyingine zinatumika miaka mingi kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kubadilisha. PBS walikaa na ile P ya uso ya mbunifu Herb Lubalin kuanzia 1971, wakaja kuibadilisha 1984, wakati wabunifu Chermayeff na Geismar walipofanya nyuso ziwe nyingi. Miaka 13. Kipindi chao cha sayansi, NOVA, kimeanza 1974, kwa hiyo nembo ileile ya PBS inaweza kukaa mwishoni mwa kanda ya mwaka wa kwanza au wa kumi. Mtu akikuambia "1972 mpaka 1984" hajakuambia mengi.

Open University ya Uingereza nao, chuo kilichofundisha kwa TV, zile tarumbeta zao za mwanzoni, kipande cha Leonard Salzedo. Vipindi vilianza Januari 1971 na sauti ile ikawafuata kwa miaka. Ukifumba macho huwezi kujua ni kanda ya mwaka gani.

---

MstaafuWaStudio

Mwalimu, hapo umenishika. Mimi nilisoma nembo, wewe umesoma kanda nzima. Basi kijana atuletee ushahidi wa vyote viwili. Naomba mambo matatu:

Kwanza, simamisha picha kwenye laptopu wakati herufi zinasogea, ukuze. Je, kingo zina meno kama kitana? Kisha fanya hivyo hivyo kwenye mkono wa mpasuaji ukisogea. Video inapigwa nusu picha baada ya nusu picha, mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kinachosogea kinaacha meno. Filamu ikihamishwa kwenda PAL, nusu zote mbili zinatoka kwenye fremu moja, haina meno.

Pili, pima muda wa somo kwa saa.

Tatu, nenda mwisho kabisa, utafute mwaka ulioandikwa kwa herufi za Kirumi.

---

Section58

Na kupumua je? Mbona hakuna anayejibu kupumua? Mimi nasema ni mtindo. Sauti inapanda, mwanga unapanda. Nembo nyingi za zamani zilikuwa na sintesaiza ya namna hiyo, kama ile ya kituo cha TV cha WGBH, Boston, ambayo Gershon Kingsley aliitungia sauti. Ukiisikia usiku peke yako unawasha taa.

---

Mulembe_Khwisero

Buda, hiyo ni kopi iliyokatazwa. Katikati ya miaka ya themanini ilikuja kinga inayoitwa Macrovision. Juu ya picha kuna mistari ambayo TV haionyeshi. Wanatia humo mapigo makali ya umeme. TV haijali. Lakini deki inayorekodi ina kipimo cha mwanga kinachojirekebisha chenyewe, kinaona yale mapigo, kinadhani picha ina mwanga kupita kiasi, kinapunguza. Mapigo yakilegea kinaachilia. Matokeo yake kopi inang'aa na kufifia, inang'aa na kufifia.

---

Section58

Sikubaliani. Ingekuwa hivyo, kanda nzima ingepumua, si nembo peke yake. DekiNaKanda amesema nembo.

---

Mulembe_Khwisero

Amesema nembo kwa sababu nembo iko kwenye weusi, inaonekana wazi. Aangalie somo.

---

Mwl_Achieng_Bio

Nyinyi wawili ngojeni ushahidi. Kwani lazima mgombane Jumapili?

---

DekiNaKanda

Nimerudi. Samahani, stima ilipotea tangu jana jioni.

1. Herufi za nembo zina meno. Nimekuza mpaka nikaona kila jino, kama kitana cha mbao. Mkono wa mpasuaji hauna hata moja, ni ukungu laini tu. Kwa hiyo nembo ni video na somo ni filamu. Vitu viwili vilivyogundishwa.

2. Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha mwalimu kilichokunjwa mara nne. Kimeandikwa somo ni dakika 25. Nimepima kwa simu mara mbili: dakika 24 kasoro sekunde chache.

3. Mwisho, chini ya majina, kwa herufi ndogo sana: MCMLXXIX.

Kuhusu kupumua nitajibu baadaye, nataka kwanza nisikie mnasemaje.

---

MstaafuWaStudio

Safi kabisa! Dakika 25 kwa fremu 24 ni fremu 36,000. Ukizicheza kwa kasi ya PAL, 25 kwa sekunde, zinakwisha kwa sekunde 1,440, yaani dakika 24 kamili. Filamu ilipigwa kwa kasi ya sinema, haikupigiwa televisheni ya Uingereza, maana wale walikuwa wanapiga kwa 25 tangu mwanzo. Na sauti ya huyo mtangazaji imepanda kidogo, karibu nusu toni. Kama ulimkumbuka ana sauti nyembamba, hakuwa nayo.

Herufi za Kirumi: 1979.

---

Nyar_Nyalenda

Woi! Tulikuwa tunamwiga huyo mtangazaji kwa sauti ya puani! Kumbe alikuwa mwanamume wa kawaida?

---

Mwl_Achieng_Bio

Basi tupange. Filamu ya 1979. Nembo ya video, ya mashine ya kuvuta herufi, imebandikwa mbele yake. Kama kupumua ni kinga ya kukopi, basi kanda iliyokopiwa iliuzwa baada ya katikati ya themanini, na hiyo kampuni ilikuwa bado inatumia nembo yake ya zamani. Halafu mtu akaikopi kwenye E-180, na pengine mwingine akaikopi tena. Miaka mitatu tofauti kwenye kaseti moja.

Lakini yote hayo yanasimama kama chura naye anapumua. DekiNaKanda, useme.

---

Section58

Nangoja kwa hamu niombwe msamaha.

---

DekiNaKanda

Nimezima taa sebuleni, nimefunga pazia, nimeangalia dakika 24 zote. Mandhari ya maabara yana mwanga mwingi kwa hiyo huoni haraka. Ila kuna sehemu, dakika ya tisa hivi, kamera inasogea karibu kabisa na chura amelala chali kwenye trei ya nta nyeusi, pini nne, tumbo jeupe bado halijakatwa. Mkono haupo. Hakuna kinachosogea. Na tumbo linang'aa. Linafifia. Linang'aa. Polepole, kama mtu aliyelala.

Nimeweka nembo na chura kando kwa kando kwenye programu ya kuhariri. Mwendo ni uleule.

---

Mulembe_Khwisero

@Section58 msamaha nitaupokea kwa njia ya M-Pesa.

---

Section58

Nimeshindwa. Mulembe.

---

Nyar_Nyalenda

NGOJENI. Hicho ndicho tulichobishania! Mwalimu alisema chura amekufa, wengine tukasema bado anapumua, tumbo linapanda. Mimi niliandika kwenye daftari, katika mambo niliyoyaona: "chura anapumua taratibu". Nikapigwa mstari mwekundu na "umakini!" pembeni. Wasichana watatu walikataa kuingia maabara wiki iliyofuata, tulipopewa chura wa kweli.

---

Mwl_Achieng_Bio

Dada, kisayansi uliandika ulichokiona. Mimi ningekupa alama.

---

MstaafuWaStudio

Miaka yote ya kazi sijawahi kusikia kinga ya kukopi ikifufua chura. Kijana, hiyo kanda usiitupe hata baada ya kuihamisha. Irudishe nyuma mpaka mwanzo, isimamishe wima kwenye boksi lake, mbali na ukuta wenye unyevu. Na hiyo deki itunze, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016.

---

Nyar_Nyalenda

DekiNaKanda, mwalimu yule bado yuko hapo shuleni?

---

DekiNaKanda

Yuko, anastaafu mwakani. Nitamwonyesha Jumatatu, ila alama zako utakuja kuziomba mwenyewe.

Nembo bado haijapata jina, kwa hiyo naacha uzi wazi. Leo usiku naingia nambari 12, ya volkano. Hiyo haina nembo kabisa, inaanza katikati ya sentensi, na juu yake kuna dakika tatu za mechi ya mpira.